Somo: Neno la Hodi, au jinsi ya kufungua mlango bila kuamsha ngome nzima

Jumamosi iliyopita, mchezoni, tulimpoteza mwizi wetu, na hakuuawa na joka. Aliuawa na mlango. Msomi wa kundi alikuwa na haraka, akaipigia ngome Hodi, neno la nguvu linalofungua milango, usiku wa manane, na walinzi wote wa getini wakaja mbio na karabai zao. Tangu siku hiyo naulizwa habari za neno hilo kila ninapokaa, basi nayaweka yote hapa.

Kwa wageni: tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, hapa Kirumba, Mwanza, chumba cha nyuma ya duka. Ni mchezo wa mezani: kila mmoja anaigiza mhusika wake, msimulizi anaeleza yanayotokea, na dadu inaamua. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974 na neno hili limo tangu mwanzo. Kitabuni litafute kwa jina la Knock. Huna haja ya kununua kitabu, kwa sababu kanuni za msingi zimewekwa bure chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, na Hodi imo ndani. Dadu ya pande 20 ukiikosa mjini, fanya kama tulivyofanya sisi mwaka wa kwanza: vizibo 20 vya soda, namba kwa maka peni, vyote ndani ya kofia.

Jambo moja kuhusu majina. Huku Kanda ya Ziwa neno "mchawi" si la mzaha. Bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa. Mezani kwetu anayetoa nguvu zake kitabuni ni msomi, aliyezaliwa nazo ni mwenye karama, na anayezitoa kwenye wimbo ni manju, kama manju wa Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma. Hao watatu ndio wanaoweza kujifunza Hodi. Wanachotamka tunakiita neno, basi, na jirani akipita dirishani hashtuki.

Hatua ya 1. Uliza mlango umeshikwa na nini.
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mlango usiofunguka si lazima uwe na kufuli. Huenda umejaa maji ya mvua ukabana kwenye fremu, huenda kuna komeo kwa ndani, huenda wamegemeza gogo. Hodi inatatua yote hayo: kitasa kinaachia, komeo linatoka, mlango uliobana unalegea. Ila kama ni wa kubana tu, kwa nini umalize nguvu zako? Mwite mwenye misuli asukume. Kama ni kufuli la kawaida, mwizi mwenye vifaa vyake anarusha dadu, anajumlisha wepesi na ujuzi, na akifika 15 limefunguka kimya kimya, bila gharama. Hodi ni ya pale ambapo njia hizo mbili zimeshindikana au hakuna muda.

Hatua ya 2. Hesabu nafasi.
Kila neno lina ngazi yake, na kulitamka kunakula nafasi moja. Hodi ni neno la ngazi ya pili. Msomi wa daraja la tatu, yaani kiwango chake mwenyewe, ana nafasi mbili tu za ngazi hiyo, na zote zinarudi akilala usiku mzima. Ukifungua stoo ya viazi asubuhi, jioni usinililie.

Hatua ya 3. Simama panapofaa.
Unatakiwa kukiona unachokifungua, na kisiwe mbali zaidi ya futi 60, yaani kama mita 18. Si lazima ulione komeo lililo upande wa pili. Mlango wenyewe ukiuona inatosha. Wapya husogea hadi kugusa bawaba. Ya nini? Kaa mbali, mwenye mkuki akitoka asianze na wewe.

Hatua ya 4. Tamka.
Ni sauti tu. Hakuna unga, hakuna ishara ya mikono, na linachukua tendo lako moja la zamu. Aliyefungwa mikono anaweza, aliyezibwa mdomo hawezi.

Hatua ya 5. Jiandae na kishindo.
Jina la Hodi tulilitoa wenyewe, na lina kejeli ndani yake. Hodi ya kwetu inaomba ruhusa. Ukipiga mara tatu usijibiwe, unarudi zako. Hii haiombi. Kitu unachokifungua kinatoa kishindo kikubwa kinachosikika hadi futi 300, kama mita 90. Chukua uwanja wa CCM Kirumba: mlango ukiwa kwenye goli moja, mtu aliyesimama ukingoni mwa boksi la goli la pili anausikia.

Mimi umbali huo niliujua kwa vitendo. Desemba moja ya mvua mlango wa chumba chetu uliumuka, tukaupiga bega watu wawili, saa tatu usiku. Kabla haujaachia, majirani wanne walikuwa nje na tochi, mmoja na panga. Tulijieleza kwa muda mrefu, na kueleza mchezo huu kwa mtu aliyeshika panga si kazi nyepesi. Kwa hiyo nikiwa msimulizi siwahurumii: ukipiga Hodi, mimi nauliza mwenyewe nani yuko ndani ya mita 90, na anafanya nini akisikia.

Hatua ya 6. Fungua.
Neno linaachia kifungo, halisukumi mlango. Wiki ile kila mmoja alimsubiri mwenzake, mlango umerudishiwa tu, na walinzi wanakuja. Amueni mapema nani anaushika. Na mtego ukiwepo, bado upo; Hodi haitegui kitu.

Sasa ujanja ambao ungemwokoa mwizi wetu. Kuhani wenu ana neno linaloitwa Silence, sisi Kimya. Linaweka duara lenye nusu kipenyo cha futi 20 ambamo hakuna sauti inayozaliwa wala kupenya, kwa muda wa hadi dakika 10. Kuhani aliweke katikati ya mlango. Msomi asimame nje ya duara, kati ya futi 20 na 60, maana ndani hawezi kutamka. Apige Hodi: kishindo kinatoka mlangoni, na mlangoni hakuna sauti. Zaidi ya hapo, Kimya linaweza kufanywa kama ibada. Inaongeza dakika 10 za maandalizi lakini haili nafasi. Ila kuhani anatakiwa akazanie akili yake hapo muda wote, na watakaoingia wakubaliane ishara za mikono, kwani hawatasikiana.

MASWALI YA WANACHAMA

Manju wa Igoma: Mwangaluka mkuu. Nimetekwa, nina pingu mikononi na mlango una kufuli. Neno moja linanitoa?
Jibu: Mwangaluka. Pingu zinafunguka, mikono kufungwa si kizuizi. Lakini hiyo ni Hodi moja kwa kitu kimoja. Mlango ni Hodi ya pili, na kishindo cha pili. Mimi ningevua pingu, kisha ningesubiri anayeleta chakula.

Dada wa Bwiru: Kaka, sanduku la nahodha lina makufuli matatu. Yote yanaachia?
Jibu: Moja tu, dada. Kitu chenye vifungo vingi kinaachia kimoja kwa kila neno. Hapo mwizi afungue mawili, msomi amalizie lile gumu.

Kijana wa Nyakato: Kuna mlango uliofungwa kwa neno lenyewe, si kwa chuma. Mwizi amejaribu akashindwa.
Jibu: Hilo ni Arcane Lock, sisi Kufuli la Kisomi. Linaongeza 10 kwenye ugumu wa kuuchokonoa au kuuvunja, ndiyo maana ameshindwa. Hodi hailiondoi, inalilaza dakika 10, mlango unafunguka na kufungwa kama mlango wowote, kisha linaamka. Mkiingia, mwekeeni jiwe. Kundi moja lilibaki ndani na lulu zote mkononi.

Msimulizi wa Ilemela: Mkuu, wachezaji wangu hawatafuti tena funguo. Kila mlango Hodi. Nipige marufuku?
Jibu: Usipige. Ukimnyima neno alilojifunza kwa jasho, umemvunja moyo. Weka siku yenye milango minne na nafasi mbili, na walinzi wenye masikio. Na tofautisha kufungwa na uzito: lango la chuma linaloning'inia kwa minyororo halina kifungo, ni zito tu. Kwangu Hodi haliinui. Mezani kwako amua mwenyewe, ila sema kabla hawajatumia nafasi.

Mpangaji wa Mabatini: Kuna la kufungulia geti la baba mwenye nyumba baada ya saa nne?
Jibu: Lipo, ni simu, na kishindo chake utakisikia asubuhi.

Marehemu Mwizi: Kaka, mimi je? Sirudi?
Jibu: Pole, ndugu yangu. Neno la kufufua linataka kuhani wa daraja la tano, almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu, na lisemwe ndani ya dakika moja ya kifo. Kuhani wetu ni wa daraja la tatu, Mwadui kunakochimbwa almasi ni mbali, na wiki imeshapita. Njoo Jumamosi saa tisa na karatasi mpya ya mhusika. Safari hii chagua kuhani. Mlango bado unabana, kwa hiyo piga hodi ya kawaida, nitakufungulia kwa ndani.