Namna ya kupiga dau la mwisho Jeopardy! mkiwa mmebanana

Kama unafuatilia Jeopardy!, kile kipindi cha TV cha chemsha bongo cha Marekani, hii utakuwa umeiona sana, mtu anaongoza mechi nzima, anajibu vitu vigumu mpaka unajiuliza huyu analala saa ngapi, alafu swali la mwisho anapitwa na mtu aliyekuwa nyuma yake muda wote. Watu wanasema bahati. Bahati ipo ndio, ila mara nyingi kilichoamua ni dau, na dau ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, ile ya darasa la 3, unaifanya kwenye karatasi matangazo yakiwa yanaendelea.

Haraka haraka kwa ambao hawaujui mchezo: wachezaji watatu, raundi mbili za kuchagua maswali yenye bei ubaoni (ya kwanza maswali ya dola 200 mpaka 1,000, ya pili 400 mpaka 2,000), alafu swali moja la mwisho. Hapo unaonyeshwa kategoria tu, unaandika dau kabla hujaliona swali lenyewe, kuanzia 0 mpaka hela yako yote. Baada ya hapo swali linasomwa, una sekunde 30. Ukipata unaongezewa kiasi ulichoweka, ukikosa unakatwa. Aliyefika hapo na sifuri au yuko hasi hachezi.

Alafu kuna kitu ambacho watu wanakisahau: anayebeba hela ya ubaoni ni mshindi peke yake. Wa pili anapewa dola 3,000, wa tatu 2,000, hata kama ubao wako ulikuwa unasoma 25,000. Yaani kumaliza wa pili ukiwa na 24,999 au ukiwa na dola 5 ni kitu kilekile. Kwa hiyo ukiona mtu anaogopa kuweka dau eti hela nyingi hiyo ataipoteza, ujue bado hajaelewa kwamba hela yenyewe bado sio yake.

Haya, twende kwenye hesabu. Cha kwanza chukua hela ya wa pili, zidisha mara mbili. Kama bado haimfikii wa kwanza, mechi imeisha, mfano 20,000 kwa 9,000, wa kwanza anaweka kadau kadogo anaenda zake. Hapo hamna cha kujadili. Utamu uko pale mara mbili ya wa pili inapompita wa kwanza.

Ukiwa unaongoza

Hela ya wa pili mara mbili, jumlisha 1, toa ya kwako. Basi. Hilo ndo dau lako, maana hata yeye akiweka zote na akapata, wewe ukipata pia unabaki juu yake kwa dola moja.

Mfano mzuri kuliko wote ni tarehe 30 Novemba 2004. Ken Jennings kashashinda mechi 74 mfululizo, anaingia swali la mwisho na 14,400, Nancy Zerg ana 10,000. Piga mwenyewe: 10,000 mara mbili 20,000, ongeza moja, toa 14,400, unapata 5,601. Na ndo alichoweka, 5,601 kamili. Swali likaja la kampuni ambayo wafanyakazi wake 70,000 wa msimu, wale wa ofisini, wengi wao wanafanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Jennings akaandika FedEx. Jibu lilikuwa H&R Block, wale wanaowaandalia watu ritani za kodi. Akashuka mpaka 8,799, safari ikaishia hapo. Watu wakamlaumu kwa dau, mimi naona dau lilikuwa sahihi kabisa, kilichokosekana ni jibu.

Hiyo dola 1 usiiache. Zamani mkifungana, yaani mkimaliza na hela sawa, mlikuwa mnabeba hela wote na mnarudi wote kucheza mechi inayofuata, ndo maana mwaka 2014 mchezaji mmoja, Arthur Chu, alikuwa anaweka dau la kufungana makusudi na watu wakamchukia sana kwa hilo. Siku hizi mkifungana mnaletewa swali jingine, wa kwanza kubonyeza kitufe na kupatia ndo kashinda. Hutaki kufika huko.

Ukiwa wa pili

Hapa ndo watu wanaharibu. Wa pili anajiambia "niko nyuma, naweka zote". Tulia kwanza. Anayeongoza kama anajua hesabu ya juu hapo na akapata jibu, wewe umeshakwisha, uweke zote uweke nusu haisaidii. Kwa hiyo wewe unacheza kwa ajili ya hali moja tu, ile ambayo yeye KAKOSA. Jiulize atashuka mpaka ngapi, alafu jiulize na mimi nikikosa naweza kubaki juu ya hapo?

Rudi kwa Nancy. Ken akikosa anaangukia 8,799. Nancy ana 10,000. Hata angeweka 0 angeshinda! Angeweza kuweka mpaka 1,200, akikosa anabaki na 8,800, bado yuko juu kwa dola moja. Njia ya mkato ni theluthi mbili: ukiwa na zaidi ya theluthi mbili ya hela ya anayeongoza (theluthi mbili ya 14,400 ni 9,600) basi una nafasi ya kuweka dau dogo na kushinda hata mkikosa wote.

Yeye lakini aliweka 4,401. Alikuwa anataka kumpita Ken kwa dola moja endapo Ken angeweka sifuri, na alipata, akamaliza 14,401, kwa hiyo nani wa kumsema. Ila angekosa angebaki na 5,599 na Ken angeshinda ya 75 na jibu lake la FedEx. Mimi ningeweka kadogo. Najua kuna watakaobisha kwamba ukijiamini kwenye kategoria unaweka kubwa, sawa, ila ukipata ilhali yeye kapata pia bado unapigwa, kwa hiyo kujiamini kwako kunakununulia nini hasa?

Ukiwa chini ya theluthi mbili hamna ujanja, lazima upate. Mfano yeye 20,000 wewe 12,000: ataweka 4,001, akikosa anabaki 15,999, wewe unahitaji kuweka angalau 4,000 na upatie.

Usimsahau wa tatu

Tarehe 3 Juni 2019, James Holzhauer, kashinda mechi 32 na kabakiza kama dola elfu 58 tu kumfikia Jennings kwenye jumla ya hela, anaingia swali la mwisho akiwa wa pili na 23,400. Emma Boettcher ana 26,600, wa tatu ana 11,000. James, jamaa ambaye siku zote anaweka madau ya kutisha, akaweka 1,399. Mtandaoni kelele zikaanza, kauza mechi, kachoka, kajiachia.

Sasa kaa na kalamu. Wa tatu akiweka zote na akapata anafika 22,000. James akikosa na dau la 1,399 anabaki na ngapi? 22,001. Unaona? Na Emma alitarajiwa kuweka 20,201 (23,400 mara mbili, jumlisha moja, toa 26,600) na ndo aliyoweka, maana yake angekosa angebaki na 6,399. James alikuwa anamsubiri Emma akosee, huku kafunga mlango kwa wa tatu. Swali lilikuwa la enzi za Shakespeare, jibu mwandishi Marlowe, Emma akapata, James naye alipata lakini 24,799 haifiki kokote mbele ya 46,801. Dau zuri na bado umepigwa, inatokea.

Mazoezi yake ni rahisi. Tafuta mechi iliyobanana, simamisha video pale kategoria inapotokea, andika hela za watu watatu kwa mstari, chini ya kila moja andika mara mbili yake, alafu toa madau yote matatu wewe mwenyewe kabla hujaendelea. Jipe dakika 2. Ukishaandika dau lako litoe kwenye hela yako uone unaangukia wapi, hatua hii wengi wanairuka wanabaki wanaangalia watapanda mpaka wapi. Mdogo wangu tunafanya naye hivi na kila akiwa wa pili anaweka zote, kila siku, nimemuelekeza mpaka nimechoka, na juzi kanipiga tena kwasababu mimi niliyekuwa naongoza nilisahau kujumlisha ile moja.