Safari ya kwanza China kufuata mzigo: viza inaombwaje mpaka unatoka airport Guangzhou

Wengi mnaniuliza viza ya China inaombwaje, hasa nyie mliozoea kuagiza kwa simu na sasa mnataka mkaone mzigo kwa macho. Naandika vile wenzangu wa Kariakoo huwa nawaelekeza, soma yote kwanza ndo uanze kulipia vitu.

Kama huna pasipoti anzia hapo. Fomu unajaza kwenye tovuti ya Uhamiaji, uwe na namba ya NIDA, unaprinti unapeleka ofisini na vyeti vya kuzaliwa, chako na cha mzazi, na kitu cha kuonyesha unasafiri kwa nini. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kama unayo tayari angalia tarehe, iwe imebakiza miezi 6 na zaidi na kurasa tupu zipo. Halafu ikariri hiyo pasipoti jamani, majina yalivyoandikwa pale, mpangilio ule ule, ndo yatakaa hivyo kwenye kila karatasi kuanzia sasa.

Viza ya biashara ni M, ya kutembea ni L, wanafunzi wana X yao. Wewe unaenda kununua mzigo, omba M, usidanganywe na mtu eti L ni rahisi, ukiulizwa maswali utajichanganya.

Kwa M lazima mwaliko, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Mwambie sapulaya wako akuandikie barua yenye majina yako kamili, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, unaenda kufanya nini, miji gani, unaingia lini unatoka lini, nani analipa gharama, na upande wake jina la kampuni, anwani, simu, sahihi, na ule muhuri mwekundu wa duara wenye nyota katikati. Mimi mara ya kwanza kiwanda kiliniandikia majina mawili wakati pasipoti ina matatu, nikarudishwa, nikakaa wiki nzima nasubiri barua nyingine na tiketi nishalipia, roho iliniuma sana. Kwa hiyo barua ikija usifurahi tu, iweke pembeni ya pasipoti usome herufi kwa herufi. Kama huna sapulaya wa kuaminika, jisajili kwenye tovuti ya Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya Guangzhou, mwaliko unaupata huko huko. Yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, kwa awamu tatu, vifaa vya umeme na mashine viko ya kwanza, vitu vya nyumbani ya pili, nguo na midoli ya tatu, sasa ukikata tiketi bila kuangalia awamu unakuta bidhaa yako haipo.

Baada ya hapo jaza fomu ya viza mtandaoni kwenye mfumo wa ubalozi wa China, picha iwe ya karibuni, nyuma peupe, masikio yaonekane. Weka bukingi ya ndege, bukingi ya hoteli, leseni ya biashara, TIN na stetimenti ya benki. Tarehe za barua, ndege na hoteli zikubaliane.

Viza ikitoka isome palepale dirishani. Kuna tarehe ya mwisho ya kuingia, na kuna siku unazoruhusiwa kukaa kila ukiingia, hivi ni vitu viwili tofauti! Ukizidisha siku faini ni yuan 500 kwa siku, inaweza kufika 10,000.

Kabla hujaondoka pakua Alipay, app ya kulipia kwa simu kule, weka kadi yako ya Visa au Mastercard, jihakiki kwa pasipoti, fanya huku huku maana namba ya kuthibitisha inakuja kwa SMS kwenye laini yako. Kule WhatsApp na Google zimefungwa, ila ukitumia roaming ya laini ya nyumbani zinafanya kazi. WeChat, app yao ya kuchati, weka pia, masapulaya wengi wako huko. Beba kadi ya homa ya manjano. Na pawabanki kama haina alama ya 3C, ile alama ya usalama ya China, usiitegemee, tangu Juni 2025 hawaruhusu kupanda nayo ndege za ndani, na wewe labda unatoka Guangzhou unaenda mji wa Yiwu.

Ukishuka Baiyun, airport ya Guangzhou, mwonyeshe dereva teksi anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina, ile ya Kiingereza wengi hawaisomi. Hoteli wanakuandikisha polisi wenyewe, lakini ukilala kwa ndugu au rafiki pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, wewe na mwenyeji wako nendeni kituoni ndani ya saa 24, na karatasi watakayokupa uitunze pamoja na pasipoti mpaka siku unayopanda ndege kurudi.