Gari kuukuu likigoma kuwaka asubuhi za kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, simu zangu nyingi za alfajiri hutoka Newala na Tandahimba kuliko hapa Mtwara mjini. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde usiku ni baridi na ukungu, magari yanalala nje, na lile lililotembea jana vizuri linawaka asubuhi, linaenda kidogo, linazima, halafu haliwaki tena. Wenye magari wengi hukimbilia dukani kununua betri. Nawaomba msinunue chochote kabla ya kujibu swali moja: limezimaje?

"Shikamoo fundi. Gari imezima hapa barabarani, haitaki kuwaka kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Ilizima ghafla au ilianza kukohoa?"

"Taa zilianza kufifia, redio ikanyamaza, ndiyo ikazima."

Hapo boneti halijafunguliwa, lakini nimeshajua pa kuanzia: gari lilikuwa halichaji. Ama feni belti imelegea au kukatika, ama oltaneta imechoka mikaa, ama waya wake umeachia. Betri mpya itakusogeza mbele kidogo, nayo itaisha vilevile. Gari likizima ghafla, moja kwa moja, fuata umeme wa plagi: koili, distributa (inayougawa umeme kwa kila plagi), swichi, nyaya. Likikohoa na kukosa nguvu kwanza, hasa kwenye mwinuko, fuata mafuta na hewa.

Kabla ya yote, vuta hendibreki, weka jiwe kwenye gurudumu, weka pembetatu barabarani.

Sasa washa taa kubwa na upige stata huku ukiziangalia. Zikizimika kabisa na stata ikalia tik-tik-tik, umeme haufiki wa kutosha. Zikibaki na mwanga wake na stata ikatoa mlio mmoja tu wa "tak", shuku stata yenyewe. Stata ikizungusha injini kwa nguvu na gari haliwaki, achana na betri, haina kosa. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja, la sivyo utaiunguza na tatizo la kwanza bado lipo.

Mwenye mita apime. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Ikisoma 12 imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6, na injini ikiwaka tarajia kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kitu huku injini inaunguruma, rudi kwenye oltaneta.

Kwenye nchi za barafu baridi yenyewe huidhoofisha betri sana. Nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kubakiwa na karibu nusu ya nguvu yake. Kwetu baridi haijafika huko. Kinachoua betri za Kusini ni joto la mwaka mzima, na kipupwe kinakuja kufichua tu: oili imekuwa nzito kidogo, stata inadai zaidi, betri iliyochoka tangu Machi inashindwa.

Lakini mara nyingi betri haina ubaya, ubaya uko kwenye terminali. Gari linaloishi Shangani ya hapa Mtwara au Mikindani hupigwa na hewa ya chumvi kila siku. Fungua terminali kwa spana namba 10, ukianza na hasi. Tazama ndani ya pete, pale inapokumbatia nguzo ya betri: utaona unga mweupe au wa kijani, na chini yake risasi imefifia haing'ai. Unga ule haupitishi umeme wa stata hata kama taa za dashibodi zinawaka. Mwagia maji yenye magadi, acha yachemke povu, suuza, kausha, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Ufuate na waya wa eathi, ule wa hasi, hadi unapofungwa kwenye injini na kwenye bodi. Kutu pale imewafanya watu wengi wabadilishe stata nzima bure.

Unyevu kwenye distributa ndio ugonjwa mkuu wa kipupwe kwa Corolla na Mark II za miaka ya 1990. Fungua kifuniko chake bila kuchomoa nyaya. Ukilazimika kuzichomoa, ziandike namba, kwa sababu injini nyingi za silinda nne huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kigeuze kwenye mwanga. Matone madogo ya umande ndani yake yanatosha kuupoteza moto wa plagi. Kausha kwa kitambaa safi, weka juani kidogo, rudisha. Ukiona mstari mweusi mwembamba unaotoka pini moja kwenda nyingine, kama uliochorwa kwa penseli, hicho kifuniko kimekufa. Umeme umeshajichimbia njia yake na kukausha hakutasaidia. Nunua kingine, na rota yake. Alfajiri kabla hakujapambazuka, mwambie mwenzako apige stata nawe utazame nyaya za plagi ukiwa mbali nazo. Cheche za bluu zikitambaa juu ya waya, umepata mwizi. Usishike, volti zake ni za maelfu.

Upande wa mafuta, usiiamini sana geji ya gari la zamani. Fungua ufunguo usikilize pampu ikinguruma nyuma, ila kwa Toyota nyingi za zamani haianzi mpaka upige stata, kwa hiyo ukimya wake usikutishe mapema. Ukinusa petroli nyingi, injini imelewa mafuta: kanyaga mafuta hadi chini, shikilia bila kupampu, piga stata. Filta ya hewa nayo itazame, kwani Juni ndiyo tunaanza kupulizia mikorosho salfa, na gari linaloshinda shambani hujaa vumbi lile.

Kwa dizeli, subiri taa ya hita izime kabla ya kupiga stata. Ikigoma bado, pampu ya mkono juu ya filta itakuonyesha kama imevuta hewa: ikiwa laini, kaza mipira ya mafuta na upampu mpaka iwe ngumu.

La mwisho nalisisitiza kwa wanaotoka Newala kushuka kuelekea Masasi. Msiliachie gari lililozima literemke ili liwake lenyewe. Injini ikiwa imezima, baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa nzito, usukani nao unakuwa mzito, na kona za pale hazisubiri. Kulisukuma kwa gia ya pili ni kwa manyuo (gari la gia za mkono) tu na mahali tambarare. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Unganisha nyaya na betri ya gari jingine, chanya kwa chanya, na hasi ya mwisho uifunge kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, maana betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche.