Karatasi ya Jani: ninavyowafundisha watoto wa Ujiji kuusoma mmea

Ninafundisha darasa la tatu hapa Ujiji. Watoto ni 82 na vitabu havijawahi kutosha, lakini majani tunayo. Uwanjani kuna miembe minne, nyuma ya vyoo kuna mipapai, na ukitoka tu getini unakutana na mihogo na michikichi ya watu. Somo hili linataka majani hayo, karatasi na penseli, basi.

Njia yenyewe, ya mtoto kutazama jani mwenyewe na kujaza karatasi ya maswali, nimeipata kwa Eliza Youmans, mwanamke wa jimbo la New York, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1826. Kitabu chake cha kwanza cha mimea kwa watoto kilitoka mwaka 1870, mwaka mmoja kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapa kwetu. Kaka yake, Edward, aliugua macho tangu utotoni, na kwa miaka mingi alikuwa karibu haoni kabisa. Eliza ndiye aliyemsomea vitabu. Edward alipotaka kujifunza kemia, dada huyu alifanya majaribio kwa mikono yake na kumsimulia alichokiona. Mimi naamini somo lake lote lilizaliwa hapo. Ukiwa macho ya mwenzako, huwezi kumwambia "ni jani tu" ukanyamaza.

Karatasi za maswali aliziiga kwa Henslow, kasisi Mwingereza aliyemfundisha Darwin, yule mwanasayansi maarufu wa viumbe, huko Cambridge, kisha akawafundisha mimea watoto wa kijiji chake cha Hitcham. Henslow alikuwa na watoto wa wakulima, kama wangu.

Majani yachume asubuhi ya siku hiyohiyo, uyafunge kwa kitambaa kibichi au jani la mgomba, la sivyo kufikia saa nne yamenyauka. Kila jani lichumwe pamoja na kipande cha kijiti lilipoota. Kijiti hicho utakihitaji baadaye.

Siku ya kwanza usichore chochote ubaoni. Mimi nilichora. Nilichora jani kubwa la kupendeza lenye meno pembeni, kisha nikagawa majani ya muembe. Ukingo wa jani la muembe hauna jino hata moja, lakini karatasi nyingi zilirudi zimeandikwa "ukingo wa msumeno". Watoto walikuwa wameshika jani mkononi, wakaandika la ubaoni. Iliniuma sana, kwa sababu walinitii. Tangu hapo ubao wangu unabaki mtupu mpaka kila mtoto amalize kuandika lake.

Anza na muembe. Mwache mtoto alikunje jani, alisugue, alinuse. Wataanza wenyewe: "Mwalimu, linanuka embe bichi!" "Mwalimu, la kwangu jekundu!" Majani machanga ya muembe huchipua yakiwa na wekundu, malaini, yamelegea. Mwingine atasema kishikio kimevimba pale kilipogusa tawi, na ni kweli kimevimba. Wewe sema tu, "Umeona vizuri." Wakishaona, ndipo uwape maneno mawili: ile sehemu pana ni bapa, kile kishikio ni kikonyo. Siku hiyo karatasi ina swali moja: jani hili lina sehemu gani?

Kila somo linalofuata ongeza swali moja chini ya yale ya zamani: mishipa imekaaje, umbo likoje, ukingo, ncha. Hivyo mtoto anayarudia aliyokwisha kuyajua kila anapochukua jani jipya. Jina la mmea mimi naliweka chini kabisa. Likikaa juu, mtoto wa Ujiji ataandika "mhogo" na kuona kazi imekwisha, kwa kuwa mhogo anaujua tangu kuzaliwa.

Kwa mishipa, weka jani la hindi kando ya la mpapai. Kwenye hindi mishipa imelala sambamba kama mistari ya daftari, na kikonyo hakuna: sehemu ya chini ya jani imelikumbatia bua kama ala ya kisu. Kwenye mpapai mishipa mikubwa inaanzia pale kikonyo kinapogusa bapa, inatawanyika kama vidole. Kwamba kikonyo cha papai kina uwazi ndani hutamwambia mtoto, ameshakitumia kupulizia povu la sabuni. Hilo nalo aliandike.

Sasa kile kijiti. Leta mkwaju. Uliza: hapa kuna majani mangapi? Watahesabu vile vidogo, mmoja ishirini, mwingine ishirini na nne. Waonyeshe kwanza kwenye muembe: chipukizi linakaa kwapani mwa jani, pale kikonyo kinapokutana na kijiti. Kisha watafute makwapa ya mkwaju. Kwenye vile vidogo hawataona chipukizi hata kwa kimoja. Wataliona chini kabisa, pale kilipoota kile kishikio kinachobeba vidogo vyote, kama unyoya. Kwa hiyo unyoya mzima ni jani moja, lililogawanyika. Mwaka jana, baada ya hapo, msichana mmoja wa kiti cha nyuma alitazama dirishani, akauliza, "Basi lile kuti la mchikichi pia ni jani moja?" Tulitoka wote kulitazama. Ni jani moja, refu kuliko mimi. Wakishika kuti, wakumbushe miiba iliyo karibu na shina. Ukipata mche mdogo wa mchikichi waonyeshe pia, majani yake ya kwanza bado ni mazima, hayajachanika.

Mhogo uache uwabishanishe. Vile vidole ni majani madogo, au ni jani moja lililochanwa sana? Wape muda mrefu, na usiwasaidie haraka. Atakayekitazama kitovu cha jani ataona vidole vyote vimeshikana pale bapa linapoanza, havikuachana. Ni jani moja. Wahesabu na vidole vyenyewe, maana mhogo mmoja unaweza kuwa na jani la vidole vitano na jingine la saba.

Kabla ya kuwatoa nje, waonyeshe mnyaa uliopo kwenye uzio, na uwakataze kuuvunja. Watautamani kwa sababu unaonekana hauna majani. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Ikitokea, osha jicho kwa maji mengi safi papo hapo na umpeleke mtoto zahanati. Kwa watoto 82 mimi natembea na ndoo ya maji.

Zoezi la mwisho nimeliongeza mwenyewe kwa ajili ya Edward. Watoto wawili wawili. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mbele yake kuna rundo la majani. Mwenzake anashika karatasi aliyoijaza na kumsomea, bila kutaja jina, mpaka alipate jani lenyewe kwa kupapasa. Mara moja wanagundua kwamba "kijani" na "zuri" havisaidii. Wanarudi kwenye karatasi, wanafuta, wanaandika upya: linakwaruza kama la boga, kikonyo ni kifupi kuliko ukucha. Juzi mvulana mmoja alikuwa anatafuta jani la mpera, mwenzake amemsomea mara mbili na bado hajalipata. Akasema, kitambaa machoni, "Subiri, nisomee tena mishipa. Imeinuka upande gani?"

"Upande wa chini," akajibiwa. "Pitisha kidole gumba."