Umebaguliwa kazini kwa sababu ya umri? Andika malalamiko hivi

Wiki iliyopita nimemsaidia mama yangu mdogo, ana miaka 54, wamemkata kwenye mafunzo ya mfumo mpya eti "tunapeleka damu changa". Iliniuma sana. Tulivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Jua siku ulizonazo
Kila nchi ina muda wake wa kupeleka malalamiko kwenye chombo cha serikali. Marekani kawaida ni siku 180 tangu tukio, na kusubiri majibu ya ofisini hakusimamishi hizo siku. Angalia pia sheria inamlinda nani, ya Marekani ya 1967 ya kupinga ubaguzi wa umri kazini ni kwa wenye miaka 40 kwenda juu, wakati Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inataja umri tu bila kuweka kiwango, kwa hiyo hata kijana anayeambiwa "wewe bado mtoto" anaweza kuishika.

Hatua ya 2: Panga matukio
Hapa ndo tulikesha. Mama mdogo alikuja na kurasa nne za uchungu, miaka 23 ya utumishi, machozi, na yale maneno ya meneja yako ukurasa wa mwisho, hayana tarehe. Tukaanza upya kwenye daftari (mimi naamini daftari kuliko simu, simu inaibiwa): tarehe, nani alisema, maneno yenyewe kama yalivyotoka, nani alisikia. Usiandike "alinidharau", andika alichosema. Halafu kuna kitu watu wengi wanasahau, ulinganisho. Kuonewa peke yake hakutoshi, lazima ionekane ni umri, so tukatafuta nani alipelekwa mafunzo, ana umri gani, kazi yake ni ileile au vipi, tathmini yake ikoje. Wawili walikuwa na tathmini ya chini kuliko yake, na wote wako chini ya 30! Hiyo tukaiweka juu kabisa. Ila angalieni, msichukue mafaili ya siri ya ofisi wala kurekodi watu kimyakimya kabla ya kumuuliza mwanasheria au chama cha wafanyakazi, unaweza kugeuziwa kibao.

Hatua ya 3: Sema unataka nini
Mstari mmoja. Yeye aliandika: naomba niingizwe kwenye awamu ijayo ya mafunzo.

Hatua ya 4: Tuma
Kwa barua pepe, siyo kwa mdomo. Ukipeleka karatasi, kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wakianza kukubadilishia zamu au kukununia baada ya hapo, rudi kwenye daftari, tarehe na maneno vilevile, maana kulipiziwa kisa umelalamika nchi nyingi ni kosa lingine, linafunguliwa lenyewe.