Kupima kingamwili za LDL iliyooksidishwa kwa watu wazima wa afya: ninavyofanya maabara

Mtu asiye na ugonjwa wowote huweza kuwa na kingamwili zinazoishika LDL yake mwenyewe iliyooksidishwa (LDL ni chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu; kuoksidishwa ni kuharibiwa na oksijeni). Usishtuke ukizikuta. Tunachotafuta ni kama zinapanda na kushuka pamoja na mafuta ya damu.

1. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti) kwanza. Kisha waambie wafunge saa 12, maji tu. Sisitizia chai. Kijana mmoja alitoka Rongai na matatu ya alfajiri. Nilipozungusha damu yake kwenye mashine ya kuitenganisha, plazma (maji ya damu yanayobaki juu) ilikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. “Sijala, daktari. Ni chai tu na mandazi mbili.” Tukampa siku nyingine.

2. Tumia chupa ya kifuniko cha zambarau. EDTA iliyomo, dawa ya kuzuia damu isigande, hufunga chuma na shaba, ambazo huchochea oksidisheni. Weka kwenye barafu, zungusha mapema, gawa plazma kwenye vichupa vidogo, friza ya nyuzi -80. Ukigawa, kipimo cha kurudia hakitayeyusha sampuli nzima. Na stima za Nairobi unazijua; jenereta iwe na mafuta.

3. Pima kolesteroli yote, HDL (kolesteroli “nzuri”) na trigliseridi (mafuta mengine ya damu). Kwa kanuni ya Friedewald ya 1972, LDL ni kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2 (mmol/L). Trigliseridi zikizidi 4.5, usiitumie.

4. Oksidisha LDL ya kupaka sahani ya kupimia kingamwili kwa salfeti ya shaba, nyuzi 37, usiku kucha. Hapa ndipo wengi hukwama: EDTA ikibaki kwenye LDL, inaifunga shaba yote, na asubuhi unakuta LDL ileile ya jana. Isafishe kwanza kwa dayalisisi (mfuko wenye vitundu vidogo unaopitisha EDTA na kuibakiza LDL).

5. Sahani ya vishimo 96: nusu ipake LDL ya kawaida, nusu iliyooksidishwa. Kila sampuli ipite pande zote mbili, kisha utoe kipimo cha LDL ya kawaida kwenye kile cha iliyooksidishwa. Bila hivyo unapima kunata tu kwa kingamwili zozote.

6. IgM na IgG, aina mbili za kingamwili, zisome kila moja peke yake. IgM nyingi za aina hii hushika fosforilikolini, molekuli ya LDL iliyooksidishwa ambayo imo pia kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia, kwa hiyo mtu mwenye kolesteroli ya chini anaweza kuwa nazo tele. Na zikionekana chache, huenda zimeshajifunga na LDL ndani ya damu, sahani yako haizioni.