Namna ya Kutambua Jiwe la Kimondo

Vimondo vingi vinavyofika ardhini ni vipande vya asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, hasa kati ya Mirihi na Mshtarii. Anayeokota jiwe jeusi lenye uzito usio wa kawaida mara nyingi hukimbilia sumaku, na jiwe likinaswa huamini kwamba amepata kimondo. Utaratibu huo si mzuri, kwa sababu mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi, pamoja na mawe mengi ya kawaida, nayo hunaswa. Tena sumaku kali huweza kufuta usumaku wa kale uliohifadhiwa ndani ya jiwe, ambao wataalamu huuhitaji sana.

Anza kwa macho. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na gamba jembamba jeusi lililotokana na uso wake kuyeyuka kilipokuwa kikipita angani, na pale kilipomeguka, ndani huonekana rangi iliyofifia zaidi. Vimondo vya chuma, kama kile cha Mbozi mkoani Songwe chenye urefu wa takriban mita 3, mara nyingi huwa na vibonyeo mfano wa alama za dole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Ukiona matundu mengi ya viputo, liweke jiwe kando, kwani karibu daima hilo ni la volkano au ni mavi ya chuma.

Kisha lisugue kwenye mgongo wa kigae cha sakafu usio na mng'ao, na uchague kigae ambacho mgongo wake ni mweupe, kwa kuwa ule wa udongo mwekundu utakudanganya. Mstari mwekundu huashiria hematiti na mweusi huashiria magnetaiti, ambayo ni madini ya chuma ya hapa duniani, ilhali kimondo kisicho na kutu kwa kawaida hakiachi mstari wowote wa maana.

Likivuka hapo, ning'iniza sumaku ndogo, dhaifu, kwa uzi karibu nalo uone kama itavutwa. Usilioshe. Lipige picha pamoja na sarafu ili ukubwa wake ujulikane, andika mahali hasa lilipookotwa, lihifadhi pakavu, kisha uulize idara ya jiolojia ya chuo kikuu kama inaweza kupima nikeli, aina ya metali, kwa kuwa chuma cha vimondo huwa nayo daima. Katika kile cha Mbozi ni takriban asilimia 9.